Mke Mwenza Ninayeletewa Ana Damu Kama Yangu

Assalaam alaikum, wasomaji wa ukurasa huu. Mhariri amekubali kulificha jina langu, nami namshukuru, maana huku kwetu habari hutembea upesi. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, Mdigo, nakaa upande wa Kinondo kwa mume wangu ambaye ni mkwezi wa minazi. Nilisoma kidogo tu kabla ya kuolewa, kwa hiyo mnisamehe nikikosea.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kiume. Mikono na miguu ilikuwa ikimvimba, analia hata kumgusa huwezi, na macho yakawa manjano kama bizari. Akafa. Kisha nikamzaa Saumu, na alipoanza kukaa, nikaiona ile mikono ikivimba tena. Wasomaji, sijui niwaeleze vipi. Nilikaa chini naye mapajani.

Mavyaa yangu, yaani mama wa mume wangu, alisema nina pepo anayekula watoto. Nikachezewa ngoma, nikafukizwa, nikanyweshwa makombe, yaani maji yaliyooshewa aya. Saumu akazidi. Mwisho mume wangu akanipa ruhusa nimpeleke hospitali mjini. Nilifuatana na binti wa mama yangu mdogo, nitamwita Mwanamisi. Tumelelewa nyumba moja, yeye huniita dada, na nilipochoka kumbeba mtoto alimchukua mgongoni kwake.

Daktari alitoa damu ya Saumu, akatoa na yangu. Mwanamisi naye, kwa kutaka kujua tu, akatoa kidole. Baada ya kungoja sana tuliitwa tuchungulie kwenye darubini yake. Chembe za damu za mtu asiye na ugonjwa huu ni za mviringo, lakini za Saumu nyingi zilikuwa zimejikunja kama mundu. Katika tone langu, lililofungiwa chini ya kioo likakosa hewa, zilikuwamo pia. Katika la Mwanamisi vilevile.

"Nyinyi wawili si wagonjwa," daktari alisema. "Kila mtu hurithi mafungu mawili, moja la baba na moja la mama. Nyinyi mna moja baya na moja zuri, na hilo zuri linawatosha. Mtoto huyu amepata baya kutoka pande zote mbili."

"Kwani baba yake naye analo?" nikauliza.

"Analo. Asingekuwa nalo, mtoto asingeugua hivi."

Nikamuuliza kama wote nitakaowazaa watakuwa wagonjwa. Akasema la, kila mimba ina bahati yake. Mmoja huenda akaja mzima kabisa, mwingine akawa kama mimi, mwingine akaugua, wala hakuna ajuaye kabla. Dawa ya kuuondoa ugonjwa hana, ana ya kutuliza maumivu. Kisha akamgeukia Mwanamisi. "Wewe hujaolewa bado. Ukiolewa na mtu asiyekuwa na damu hii, watoto wako hawataugua namna hii."

Kwenye feri ya Likoni Mwanamisi alinishika mkono. "Dada, niapie hutasema. Yakijulikana haya, nani atanioa?" Nikamwapia kwa jina la Mungu.

Nilimweleza mume wangu habari ya damu yake mwenyewe na yangu tu, ya Mwanamisi nikaificha. Alikasirika sana. "Mimi? Ninakwea minazi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, ugonjwa gani ninao? Umedanganywa ukadanganyika." Kwenda kupimwa akakataa. Mavyaa akaongeza kwamba mtoto hufuata fuko, yaani ukoo wa mamake, na baba hana lake katika maradhi.

Haukupita muda, mavyaa na jamaa zake wakaenda kumposa Mwanamisi awe mke wa pili wa mume wangu. Mjomba wetu, ambaye ndiye mwenye kutuoza, akakubali. Nilimwambia mavyaa, "Mama, ikiwa ni fuko, basi Mwanamisi ni fuko langu."

Akanijibu, "Fuko lenu halina neno. Mwenye pepo ni wewe."

Nikamwendea Mwanamisi mwenyewe. "Mdogo wangu, ulisikia kwa masikio yako. Mume huyu siye wa kukufaa."

Akainamisha kichwa akasema, "Dada, mjomba amekwisha sema ndiyo. Nimwambie sitaki kwa sababu gani? Akiniuliza, nitamjibu nini?" Halafu akaniuliza, pole pole, "Au ni wivu?"

Wivu ninao, sikatai. Ni nani atakayeletewa mke mwenza asiumie? Lakini naapa, angeposwa msichana mwingine, awe wa Diani au wa Msambweni, ningelia na kunyamaza. Huyu najua atalia kama nilivyolia. Na yeye angeweza kuwa na watoto wazima kwa mume mwingine!

Harusi ni mfungo mosi, Ramadhani ikiisha. Ukuta wa chumba chake umekwisha kandikwa, nami ndiye niliyeambiwa nitafute mkeka mzuri. Wiki hii Mwanamisi alikuja kumtazama Saumu, ambaye mkono umevimba tena. Akawa anampasha kwa kitambaa cha moto, anambembeleza kwa jina. Hakuniangalia. "Dada," akasema, "daktari hawezi kukosea?"

Nikachovya kitambaa kingine katika maji ya moto, nikampa.

Nikimwambia mjomba, nimevunja kiapo, na binti huyu hataposwa tena na mtu yeyote, au wataona nimesema kwa wivu wa kike na harusi itaendelea. Nikinyamaza, nitakaa nyumba moja naye nikingoja tumbo lake. Enyi mlio wazazi, mlio na elimu ya dini na ya dunia, nielekezeni. Niseme, au nisiseme? Na nikisema, nimwambie nani ambaye atanisikia?