Kidevu cha Wanaume wa Mapendo

Mama yangu alikuwa mwanamke wa kwanza kupiga picha mtaani kwetu Mapendo, na kilichokaribia kumwangusha ni kidevu.

Baba alikwenda Butembo kwa biashara, vita vikafunga barabara, studio yake ya picha ikabaki mikononi mwa mama. Goma ilikuwa imejaa wakimbizi, na kila mtu alitaka picha ya kadi ya utambulisho. Wanawake walikuja. Wanaume walichungulia mlangoni, wakageuka. Kwetu mpiga picha lazima akunyanyue kidevu kwa vidole, la sivyo hujapigwa picha. Sasa mwanaume gani akubali kushikwa kidevu na mke wa mtu, mchana kweupe?

Baba mdogo alifurahi kupita kiasi. Akatangaza kwamba wanaume wasipokuja hadi Jumamosi, atauza kamera anunue mbuzi. Nilimchukia, na bado sijamaliza.

Jumatatu akaja mkubwa mmoja wa kambi ya jeshi ya Katindo, na walinzi wake. Akakaa, kichwa kimeinama kama mtu anayetafuta sindano.

“Mama, usiniguse,” akasema. “Bibi yangu iko na wivu mubaya.”

Mama akaingia jikoni, akarudi na mwiko wa bugali, akakinyanyua kidevu cha mkubwa nao. Walinzi wakashika bunduki. Mimi nikashika ukuta.

“Muzee, usitikisike.”

Muzee hakutikisika.

Picha ilitoka nzuri, ila kidevuni kulikuwa na alama ya unga wa muhogo, nyeupe pee. Mama akamkabidhi hivyohivyo. Mkubwa aliitazama, akacheka mpaka kofia ikaanguka, akaenda nayo.

Basi mtaa ukaanza kusema: ile alama ni ya watu wa mkubwa, ukiwa nayo kwenye kadi, askari wa bariere, kile kizuizi cha barabarani pale Munigi, hawakusumbui. Nani alianzisha uvumi huo, sijui. Kufikia Ijumaa wanaume walikuwa wamejipanga hadi barabarani, na aliyenyanyuliwa kidevu kwa mwiko msafi alilalamika: “Mama, ongeza unga!”

Jumamosi baba mdogo akafika. Kamera hakuitaja. Alikuwa na safari ya Munigi. Akakaa, akafumba macho, akangoja mwiko.

Mama akapangusa vidole vyake kwenye kitenge, vikawa safi kabisa, akamkamata kidevu barabara.

“Shemeji, na unga?”

“Unga ni wa wageni,” mama akasema. “Wewe ni mutu wa nyumba.”