Shafti Niliyoipima Mimi

Kazi yangu kwenye karakana yetu pale Nyasho ni kupima. Fundi akishakereza chuma, mimi ndiye ninayesema kinafaa au hakifai, kisha nasaini. Wiki ile nilisaini shafti, ule mhimili unaozunguka, ya mashine ya kuchambua pamba, ikapelekwa kiwandani Bunda na kufungwa.

Mashine ile ina pacha wake kwenye kompyuta yetu. Vihisio vilivyobandikwa kwenye beringi zinazoshikilia shafti hututumia joto na mtikisiko, na mchoro wa mashine kwenye skrini hubadilika rangi kadiri yenyewe inavyofanya kazi kule Bunda. Siku ya tatu asubuhi, beringi ya kushoto ikawa ya njano. Saa nne ilikuwa nyekundu.

"Kihisio kibovu hicho," fundi wetu alisema. "Hata mwaka jana kilikuwaga hivyo hivyo."

Nilitaka sana kumwamini. Lakini nilichukua mikrometa yangu, kifaa cha kupimia unene, nikapimia kile chuma cha kulinganishia, ambacho ni milimita hamsini kamili. Ikasoma zaidi. Kidogo tu, kama nusu ya unywele. Nikarudia. Nikarudia tena, vidole vikiteleza kwa jasho. Jumatatu mikrometa hiyo ilikuwa imeniponyoka mkononi ikagonga sakafu. Niliifuta vumbi nikaipimia shafti ile bila kuihakiki kwanza. Kwa hiyo shafti niliyoiita sawa ilikuwa nyembamba. Ilikuwa inacheza ndani ya beringi, inasaga, inapata moto, na pembezoni pake ni nyuzi za pamba kavu tupu.

Mama mdogo wangu, anayekaa Kabasa, ndiye aliyekuwa akilisha pamba kwenye mashine ile.

Nilimpigia simu. Haikupokelewa, ndani ya kiwanda wafanyakazi wa mashine hawaruhusiwi kuwa na simu. Nikampigia msimamizi wa zamu.

"Shikamoo mzee. Naomba mzime mashine."

"Marahaba. Nizime kwa nini? Malori yamejaa uwanjani."

"Pacha anaonyesha beringi inaungua."

"Pacha wenu ndiye anayechambua pamba? Mimi niko hapa, mashine inazunguka vizuri."

Fundi alikuwa ananitazama. Nilijua nikisema neno linalofuata, kazi inaweza kuishia pale.

"Mzee, shafti hiyo niliipima mimi, na niliipima vibaya. Kipimo changu ni kibovu. Zima, nakuomba."

Nikasikia anapiga kelele kwa mtu, kisha ule mngurumo nyuma yake ukashuka polepole mpaka ukaisha.

Mimi na fundi tulifika Bunda mchana kwa gari la karakana. Walikuwa wamefungua kifuniko. Beringi ilikuwa imegeuka bluu, na nyuzi zilizoganda pembeni yake zilikuwa nyeusi, zimeungua ncha. Msimamizi alizikwangua kwa kucha, akaninusisha. Mama mdogo alikuwa ameketi juu ya gunia akinywa maji.

"Wamesema ni wewe uliyezimisha," alisema.

"Na ni mimi niliyeharibu, mama."

Alinisogezea maji yake. "Umekula?"

Niliketi kando yake juu ya gunia.

Nilipewa barua ya onyo, nikaondolewa kwenye upimaji kwa mwezi mzima. Sasa nimerudishwa. Kila asubuhi, kabla sijagusa chuma cha mtu, napima kile cha milimita hamsini mara tatu.