Maneno Niliyompa Mama

Mama alifariki saa tisa alasiri, hospitalini Musoma, na mimi sikuwepo chumbani. Naanza na hili kwa sababu kwa miezi minane niliandika kinyume chake, watu wakanisoma na wakalia.

Nilikuwa nje, kwenye benchi la simenti karibu na bomba la maji, maana kule wodini mtandao ulikuwaga unasumbua. Nina ukurasa wangu wa hadithi kwenye simu. Tangu mama alazwe nilikuwa nawasimulia wasomaji kila siku: leo amekunywa uji, leo amekataa, leo ameniuliza kama mvua imenyesha. Waliniombea, wakanisifu kwa moyo wa kumuuguza mzazi, na sifa hizo nilizipenda, nisijifanye. Siku ile niliandika, "Nimekaa hapa pembeni yake, nimeushika mkono wake." Niliandika hivyo nikiwa nimeshika simu kwa mikono yote miwili. Halafu nikabaki pale nje kujibu komenti, moja baada ya nyingine, kwa adabu zote. Niliporudi ndani nesi alikuwa ameshamfunika.

"Ulikuwa wapi, dada? Nimekutafuta," akasema.

Nikamjibu nilienda chooni. Huo ulikuwa uongo wa pili siku ile, na angalau ulikuwa mfupi.

Tulimzika nyumbani Bunda, ng'ambo kidogo ya shamba la pamba. Matanga yalikuwa hayajaisha nilipofungua ukurasa. Walikuwa wananisubiri. Niliwaambia mama ametangulia, wakalia na mimi, kisha wakaanza kuuliza: alikuambia nini mwishoni? Waliuliza kwa upendo, siwezi kuwasingizia. Mimi ndiye niliyeona aibu, na aibu hiyo nikaifunika kwa kuandika. Niliandika kwamba mama alifumbua macho, akanivuta karibu, akasema, "Mwambie baba yako asifunge mlango wangu."

Jamani, hata maana yake sikuijua. Ilinijia tu, ikakaa vizuri sikioni. Ni ile aina ya sentensi ambayo mwandishi mvivu anaipenda, inaonekana nzito kwa sababu hakuna anayejaribu kuinyanyua. Watu waliishea mpaka ikanirudia kutoka kwa watu nisiowajua, wengine wameiwekea picha ya machweo na mishumaa.

Nilirudi Musoma, mtaa wa Makoko kwenye chumba changu, na Nyakato kwenye kaduka ninakochapia watu barua na kutoa fotokopi. Wasomaji wakataka zaidi. "Mama hajakutokea ndotoni?" mmoja akaandika. Nikamtokeza. Kila Ijumaa nikawa namleta mama, amevaa kitenge cha bluu, anakaa kwenye kona ya kitanda changu, ananipa neno la kunifariji. Mama huyo wa ukurasani alikuwa mpole, anaongea polepole, hakosei.

Mama yangu mimi hakuwa hivyo hata kidogo. Alikuwa mkali, ana sauti ya kumrudisha ndama aliyeingia shamba la jirani, anacheka mpaka anakohoa. Akikukuta umeinamia simu anakuuliza, "Hiyo simu imekutolea ng'ombe wangapi?" Basi siku moja dukani nilitaka kuisikia kichwani sauti yake ikiniuliza swali hilo, nikaambulia ile ya upole. Nikajaribu tena. Akaja tena yule wa kubuni, na kitenge chake cha bluu ambacho mama hakuwahi kuwa nacho. Niliogopa, nasema kweli. Nikaharibu nakala za cheti cha mteja.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa ajabu. Chakula hakipiti. Nikiona sato kwenye sahani namwona mama akichambua miiba, ila sura ni ya yule mwingine. Nilienda kwenye msiba mmoja kule Kitaji, na mjane alipotoa shukrani akasema, "Kama alivyosema yule mama wa Bunda, sitafunga mlango wa mume wangu." Wanawake wakaitikia kwa kilio. Nilikuwa na sahani ya wali mkononi. Niliiweka chini ya kiti, nikaondoka bila kuaga. Nilifuta ukurasa kwenye simu, nikakaa siku nne, nikaurudisha. Nilijiambia wasomaji watakuwa na wasiwasi. Wasomaji wapi, ni mimi niliyetaka kuhesabu waliolia.

Kisha wifi yangu, mke wa kaka anayeishi na baba kule Bunda, akanipigia.

"Wifi, njoo umwone mzee. Anakohoa sana, halafu hakubali kufunga mlango."

"Mlango upi?"

"Wa nyumba ya mama. Si ulisema mwenyewe? Nilimsomea posti yako siku ile ya matanga. Tangu hapo analalaga na mlango wazi. Na mvua hizi."

Nilikuwa nimeshafika nyumbani mara mbili baada ya mazishi, lakini mchana, na mchana milango ya kwetu yote iko wazi. Sikuona kitu. Kwetu neno la mtu anayekata roho ni wosia, na wosia haujadiliwi, haupimwi kama una akili au hauna. Nimekulia humo, nilijua. Ila nilipokuwa naandika niliwafikiria watu wa mbali, sikumfikiria mzee mwenye simu ya kitochi ambaye angesomewa na mkwewe na akaamini.

Nikapanda gari siku hiyo hiyo.

Mlango ulikuwa wazi, umekazwa kwa mpira wa baiskeli kwenye msumari ukutani, upepo usije ukausukuma. Mvua ilikuwa imeingia mpaka katikati ya chumba, udongo umekuwa tope. Baba amekihamisha kitanda chake kikaelekea nje. Alikuwa amejifunika mablanketi mawili na koti, kifua kinakoroma. Wifi aliniambia zahanati walishasema mapafu hayo hayataki baridi, akikaidi hatufiki naye mbali.

"Baba, tufunge," nikasema.

"Achana nao."

"Utakufa, baba."

"Mama yako hakuniombaga vitu vingi," akasema. "Maisha yote yale. Hiki nimekiweza."

Nilimwangalia akitabasamu. Alikuwa anajivunia. Nikajua nikinyamaza nitamzika, na nikisema nitamnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho kutoka kwa mkewe. Nilikaa kwenye kigoda pale kwenye tope.

"Mama hakusema hivyo."

"Hakusema nini?"

"Hayo ya mlango. Nimetunga mimi."

Alikohoa, akatulia. "Sasa alisemaje?"

"Sijui. Sikuwepo, baba. Nilikuwa nje na simu."

Baba yangu ana mdomo, akimgombeza mtu shambani mpaka barabarani wanasikia. Nilingoja anigombeze. Ningefurahi. Aliuangalia mlango, kuku wakiparua nje.

"Nani alimfumba macho?" akauliza.

"Nesi."

"Ulimshukuru?"

"Hapana."

Akainuka mwenyewe, akakataa nisimshike. Alifungua ule mpira msumarini, akausukuma mlango, akaweka komeo. Chumba kikawa giza mchana ule, tukabaki humo wawili, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi sikumsikia mama yeyote, si wa kweli si wa kubuni. Nililia kwa sauti. Baba hakunigusa.

Kifua kilipopungua, baada ya wiki kadhaa za sindano, akaniagiza nimtafute yule nesi. Niliulizia pale hospitalini, wakaniambia amehamia zahanati moja huko Butiama. Tulienda, baba na kuku wake jogoo kwenye kikapu. Nesi nilimtambua mara moja. Baba alimsalimia, akamweleza, na mimi nikampa simu aione picha ya mama.

Aliitazama muda mrefu. Nilitamani kumkonyeza. Aseme chochote, aseme alilala kwa amani, aseme alimtaja baba. Tungemwamini, na angekuwa ameniokoa.

"Mzee wangu, nisikudanganye," akasema. "Ni wengi. Simkumbuki."

"Lakini macho ulimfumba."

"Kama nilikuwa zamu, nilimfumba. Hatuachagi mtu hivyo."

Baba akaitikia kwa kichwa, akamkabidhi kikapu. Nesi akakataa, baba akakiweka mezani juu ya madaftari ya kliniki, tukatoka.

Tulisimama barabarani kungoja gari la kuturudisha. Jua lilikuwa kali. Nilimwekea khanga yangu kichwani, akaiacha.

"Na hili utawaandikia watu wako?" akauliza.

"Ukiniruhusu."

"Waandikie. Waambie hukuwepo. Na yule binti wa zahanati usimwongezee maneno."

"Sawa, baba."

Gari likatokea kwa mbali. Akanirudishia khanga yangu, akaokota fimbo yake.

"Na mimi usiandike kwamba nimekusamehe," akasema. "Bado."