Kiti Alichokiacha Mawingu

Mume wangu hajawahi kurusha hata kishada, lakini mtaa mzima wanamwita Mawingu. Yeye ni fundi wa mashine za eksirei. Mashine ikigoma hospitali fulani huko mwisho wa nchi, simu inalia, na kampuni yake, bahili isiyo na mfano, inamkatia tiketi ya ndege ya bei poa kuliko zote. Zile ndege ambazo begi unalipia, maji unalipia, na ukizubaa hata kukohoa utalipia.

Basi akawa bingwa wa ndege hizo. Alivaa suruali mbili na mashati matatu kwa mpigo ili begi libaki la vyuma vyake vya kazi tu, jasho likimtiririka, na mimi pembeni natamani ardhi inimeze. "Cheka tu," ananiambia, "mwili hawaupimi." Jamani! Wakaanza kuupima. Kwenye vindege vidogo vinavyotua viwanja vya udongo, abiria na begi lake wote wanapanda mzani. Uzito ukizidi, mmoja anaombwa ashuke kwa hiari yake, na anapewa tiketi ya bure ya safari nyingine. Unadhani nani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono? Kwa tiketi hizo watoto wetu walipanda ndege, na dada yake akaja kujifungulia kwetu. Mimi nilimwita kichaa, lakini tiketi nilizipokea.

Mama yake tu ndiye hakuwahi kufika kwetu. Hilo lilimkera sana mume wangu.

Siku moja dada yake akapiga simu. "Wifi, mama ana kahoma tu. Ila mkipata nafasi njooni mumsalimie." Kahoma! Katika ukoo ule habari mbaya haisemwi kwa simu. Mtu akivunjika mguu, utaambiwa amejikwaa. Ati aliye mbali asishtuliwe. Nikamwambia mume wangu homa hiyo siielewi.

"Wewe nawe kwa kukuza mambo," akasema. "Si amesema kahoma?"

Tukasafiri. Tulikuwa tumeshakaa na mikanda tumefunga, binti wa ndege akaja na sura ya kuomba radhi. Huko tuendako mvua ilikuwa imelainisha kiwanja, uzito lazima upungue, anatakiwa mtu mmoja wa kushuka. Kabla hajamaliza, mkono wa Mawingu uko juu. Nikamvuta shati, lile la juu.

"Una wazimu? Tunakwenda kwa mgonjwa!"

"Nitakuja na ndege ya kesho. Tiketi hii ni ya mama, akipata nafuu tu aje kwetu." Akanikonyeza, akashuka. Nilikasirika mpaka nikashindwa kumuaga.

Nilimkuta mama mkwe kitandani, chumba cha nyuma, bakuli la uji halijaguswa. Alikuwa amekwisha. Shuka lilikuwa limelala juu yake kana kwamba hakuna mtu chini. Alinitambua, kisha akatazama nyuma yangu, mlangoni.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Yuko njiani, mama."

Nikamburuta wifi mpaka jikoni. "Hii ndiyo kahoma? Hii?"

"Wifi, ningesemaje?" akalia. "Angeanguka huko huko."

Nilimpigia Mawingu. Simu yake ilikuwa imezimwa. Akiwa kiwanjani huizima kutunza chaji. Kesho yake mvua ilishuka bila huruma na hakuna ndege iliyotua. Kila mlango ulipolia kidogo tu, mama aligeuza shingo. Safari ya mwisho hakuigeuza, akauliza tu kwa sauti ya pumzi, "Ndiye?" Nikasema bado kidogo. Alfajiri akatutoka.

Jua likatoka asubuhi hiyo hiyo, ndege ikatangazwa kuja. Kaka mkubwa wa mume wangu akaamuru mtu asiseme neno mpaka mdogo wake afike nyumbani. Nikawaka. Niliwaambia wote, mbele ya watu waliokuwa wanapanga viti uani, kwamba uongo wao umetosha, na mimi mke wake nitamwambia pale pale akikanyaga ardhi.

Nikaenda kiwanjani peke yangu. Mawingu alishuka wa kwanza, kavimba kwa mashati yake, anapunga karatasi juu ya kichwa.

"Nimeipata! Wameandika jina la mama kabisa! Bado umeninunia?"

Nikatikisa kichwa. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Akanishika mkono, uso wake umechoka, una furaha.

"Mama hajambo?"

Nikafungua mdomo. Nikaona njia yote iliyobaki mpaka nyumbani, na yeye na lile begi la vyuma, asiloliacha popote, begani.

"Hajambo," nikasema. "Anakusubiri."

Akaongeza mwendo.