Bi Sindano na Makaburi ya Chini kwa Chini

Watu walimpachika jina la Bi Sindano kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, na chumba chake cha mbele kilijaa vitambaa hadi mteja akikosa kiti aliketi juu ya robota. Pili, ulimi wake ulichoma. Mteja akimrudishia gauni la mwaka juzi na kulalamika kwamba limembana, Bi Sindano alilinyoosha mezani, akalipima, akasema, "Gauni liko vilevile, mama. Tumuulize aliyelivaa." Watu walicheka, na bado walirudi.

Lakini palikuwa na jambo moja ambalo ulimi huo haukuligusa. Miaka minane nyuma mumewe, fundi rangi, mtu wa miraba minne, aliugua miezi mitano akayeyuka kama mshumaa. Bi Sindano alimuuguza hospitalini bila kuchoka. Alimlisha, akamwogesha, akamgeuza kitandani. Asubuhi aliyofariki, yeye alikuwa amekwenda nyumbani mara moja kubadili nguo. Ulipofika wakati wa kumvisha marehemu, Bi Sindano alifika hadi mlango wa mochwari akiwa na mfuko wa nguo mkononi, na hapo miguu ikagoma. Wifi yake, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa mhudumu wa mochwari ile. Alitoka, akaupokea mfuko, akasema, "Niachie mimi, wifi." Bi Sindano akageuka, akaenda kukaa kwenye benchi la nje karibu na bomba. Siku ya mazishi jeneza lilikuwa limekwisha kufungwa. Hakumwona tena.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomla, maana lawama angeijibu.

Sasa, binti yake mkubwa alikuwa karani katika kampuni ya safari. Mwaka huo watu wawili waliojiandikisha kwa matembezi ya siku sita walighairi dakika za mwisho, na viti vyao vikabaki wazi ndani ya basi. Binti akampigia simu. "Mama, nenda na shangazi. Amestaafu juzi tu, na wewe hujawahi kulala nyumba yenye lifti." Basi mawifi wawili wakafunga masanduku yao, wakaondoka. Waliona jumba la makumbusho, wakaona daraja la mawe, wakapotezana sokoni na kuonana tena mbele ya duka la vifungo. Katika karatasi ya ratiba, siku ya nne, paliandikwa: makaburi ya kale, kwa hiari.

Siku ya tatu, kabla ya chakula cha jioni, kiongozi wa msafara, kijana mpole mwenye miwani, aliwakusanya mapokezini. "Makaburi haya yako chini ya ardhi," alisema. "Yalichimbwa ndani ya mwamba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kuna ngazi sitini na nne, baridi, na vijia vyembamba. Mnaingia mlango mmoja, mnatokea mwingine. Ukishaanza huwezi kugeuka, kwa sababu wenzako wako nyuma yako. Asiyetaka atatungojea bustanini anywe chai. Anayetaka aandike jina hapa kabla ya chai ya asubuhi."

Mwalimu mkuu mmoja mstaafu, aliyekuwa amewahutubia tangu basi lilipoondoka, alikuwa wa kwanza kushika kalamu. "Asiyewajua waliotangulia hajui aendako," alitangaza, akaandika jina lake kwa herufi kubwa.

Bi Sindano hakuandika. Alipanda chumbani na wifi yake. Wifi alijilaza chali kitandani, miguu ameiweka juu ya mto.

"Wifi," Bi Sindano alisema akivua viatu, "kesho tutashuka."

"Tutashuka wapi?"

"Kule makaburini."

"Utashuka. Mimi sishuki."

"Wewe? Si ndiyo kazi yako?"

"Ilikuwa kazi yangu. Miaka ishirini na tisa nimeshinda nao, wifi. Chakula cha mchana nilikila mlango wa pili kutoka kwao. Sikupanda basi siku nzima ili nije huku kufanya zamu."

Bi Sindano alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alikuwa amekwisha kujipanga moyoni kwamba wifi atatangulia naye atafuata nyuma, kama siku zote.

"Basi na mimi sitakwenda," alisema.

"Si lazima. Karatasi imesema hiari."

Alikunja soksi, akazikunjua. "Basi nitakwenda."

Wifi aligeuza kichwa. "Unakwenda kutazama nini huko?"

"Watu wa kale."

"Wifi."

Ukutani maji yalipita ndani ya bomba, mtu wa chumba cha juu anaoga. Bi Sindano aliyasikiliza mpaka yakakatika.

"Siku ile sikuingia," alisema. Miaka minane, na ndiyo kwanza maneno hayo yatoke kinywani mwake. "Nilifika mlangoni nikarudi, ukaingia wewe. Mpaka leo nikipita hospitali ile navuka barabara niende upande wa pili."

Wifi aliinuka akakaa kitako. "Nisikilize. Kama unakwenda kujiadhibu, usiende. Wafu wale hawakudai kitu, na kaka yangu naye hakudai. Nimeona wanaume wenye vifua kama milango wakianguka pale kama magunia. Kutoingia si kosa."

"Siendi kujiadhibu."

"Unaendea nini?"

Bi Sindano alilitafuta jibu kama atafutavyo tundu la sindano kwenye mwanga hafifu. "Nataka nijue kama naweza. Nimechoka kuwa mtu asiyejua."

"Hapo sawa," wifi alisema, akajilaza tena. "Lakini sitakushika mkono. Nikikushika, itakuwa nimeingia mimi tena."

Walipokwenda kula, Bi Sindano alipita mapokezini akaandika jina lake. Walipomaliza kula alirudi akalikata, maana katikati ya supu alikuwa amekumbuka kwamba huwezi kugeuka njiani. Alilala vibaya. Asubuhi aliamka kabla ya wifi yake, akavaa, akapiga moyo konde, akateremka kwa miguu bila kungoja lifti, akaliandika jina upya. Alikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Kiongozi wa msafara alipoisoma orodha alikuna kichwa. "Hapa nina akina mama wawili wa jina moja, na mmoja amekatwa."

"Aliyekatwa amebaki chumbani," Bi Sindano alijibu. "Chukua huyu."

Mlango wa makaburi ulikuwa mdogo, wa chuma, kwenye ukuta nyuma ya bustani. Ungedhani ni stoo ya majembe. Wifi alimfunga vifungo vya sweta mpaka shingoni kama anayempeleka mtoto shule, akasema, "Nitakungoja mlango wa kutokea," akaenda zake. Hakugeuka nyuma.

Bi Sindano alihesabu ngazi. Kufikia ya kumi na tisa mwanga wa mchana ulikuwa umekwisha, zimebaki taa ndogo za ukutani. Kufikia ya arobaini baridi ilimpenya sweta, na ikaja harufu kama ya kitambaa kilicholowekwa kikasahauliwa. Alijikaza kisabuni. Nyuma yake mwalimu mkuu alikuwa amenyamaza kabisa. Kwenye ngazi ya hamsini Bi Sindano alihisi kitu kinamvuta kiunoni. Mwalimu alikuwa ameshika pindo la sweta lake, kwa mikono miwili.

"Mwalimu, hilo litalegea," alimnong'oneza.

"Nitakununulia jingine," mwalimu alinong'ona naye, wala hakuliachia.

Walifika chini. Kijia kilikuwa na upana wa mabega ya mtu mmoja, na mbele taa ya kiongozi ilikuwa ikienda. Na hapo, bila kumuuliza, miguu ikagoma. Ilikuwa ileile ya siku ile, ganzi ileile kutoka magotini kushuka. Nyuma yake palikuwa na watu kumi na wanne.

"Mama, twende," mwalimu aliomba, sauti imekuwa nyembamba kama uzi.

"Ngoja. Miguu ni yangu, nitaiambia mwenyewe."

Uzi ukijifunga, kila fundi anajua, hauvutwi. Ukiuvuta, fundo linakaza. Unaacha, unatulia, unatafuta ncha. Bi Sindano alitulia. Alivuta pumzi mara tatu, akapeleka mkono ukutani ajishikize, asonge hatua moja tu, hiyo moja. Mkono haukupata ukuta. Uliingia kwenye uwazi.

Aliutoa haraka kama aliyegusa pasi ya moto. Kisha akatazama. Lilikuwa shubaka lililochongwa ndani ya mwamba, refu, tupu, lenye kingo zilizonyooka. Juu yake lilikuwapo jingine, na chini yake jingine, na hivyo hivyo pande zote mbili hadi pale taa isipofika. Jicho lake la kazi liliamka kabla ya yeye mwenyewe. Hayakuwa saizi moja. Hili lilikuwa refu na jembamba. Lile fupi, pana mabegani. Moja lilikuwa la watu wawili, waziwazi. Chini kabisa, karibu na sakafu, palikuwa na mashubaka ya shibiri tatu, shibiri mbili, na hapakuhitajika mtu wa kueleza.

"Mwamba huu ni mgumu," kiongozi alikuwa akisema huko mbele, "kwa hiyo mchimbaji hakuchimba hata kidole kimoja zaidi. Kila mmoja alipimwa kwanza."

Bi Sindano alisimama mbele ya shubaka lile refu. Kumbe walipimwa. Kumbe alikuwapo mtu aliyekuja na kamba, akainyoosha kutoka utosini hadi kisiginoni, akafunga fundo, akampelekea mchimbaji. Naye, maisha yake yote, alikuwa amewapima walio hai.

Ndipo lilipomjia lile shati. Alikuwa amemshonea mumewe shati jeupe la kuzikiwa, na hakuchukua vipimo. Hakutaka kuingia mochwari na futi ya kupimia. Alishona kwa vipimo vilivyokuwa kichwani, shingo na kifua na mikono ya mwanamume aliyebeba ngazi mbili begani kabla ya ugonjwa. Miaka minane alikuwa ameogopa uso wa mumewe. Na sasa, chini ya ngazi sitini na nne, kilichomjia kilikuwa swali la fundi: lile shati lilimkaa?

Alitembea. Kona ya pili, nyuma ya wavu, palikuwa na mifupa. Aliitazama vizuri, bila kufumba macho. Ilikuwa mifupa ya watu waliochoka, ikapumzika. "Hamjambo humu," aliisalimu kwa sauti ya chini, na mwalimu mkuu nyuma yake akaruka nusura agonge kichwa.

Walipotokea upande wa pili jua liliwapiga machoni. Wifi alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya ukuta, vikombe viwili vya chai mbele yake, kimoja kimefunikwa na kisahani.

"Umeingia?"

"Nimeingia na nimetoka." Bi Sindano aliketi. "Wifi, lile shati lilimkaa?"

Wifi hakuuliza shati gani. Aliweka kikombe chini. "Lilimmeza. Mabega yalishuka hadi hapa. Mikono ilifunika vidole."

Bi Sindano alijiziba mdomo.

"Nikamgeuza," wifi aliendelea, "nikakunja kitambaa chote nyuma mgongoni, nikabana kwa pini. Mbele lilikaa kama la bwana harusi. Mtu asingejua."

"Pini ngapi?"

"Sita."

"Sita! Shati langu ukalitia pini sita!"

"Ulitaka nifanyeje, nimwite fundi? Fundi alikuwa kwenye benchi la nje."

Neno hilo lilitua kati yao. Wifi mwenyewe alishtuka kulisikia, akanyoosha mkono kama wa kulirudisha. Lakini Bi Sindano alikuwa ameanza kucheka. Alicheka mpaka akalia, akalia mpaka wifi akampa kitambaa cha meza, maana leso hakuwa nayo.

"Nilizungumza naye nikimvisha," wifi alisema baadaye. "Nilimwambia, kaka, usishangae ukubwa. Mkeo amekushonea ulivyokuwa mzima."

"Na uso?"

"Uso ulikuwa wake. Nilimnyoa. Masharubu nikayaacha, maana nilijua ungenisema."

"Ningekusema," Bi Sindano alikiri, akanywa chai yake iliyokwisha poa.

Siku mbili zilizobaki za safari walimzungumza marehemu kuliko walivyomzungumza miaka minane yote. Ndani ya basi, mezani, kwenye foleni ya choo. Walimsifu, kisha wakamsema pia, ubishi wake, na jinsi alivyokoroma, na rangi ya kijani aliyopaka jikoni bila kumuuliza mtu. Wifi alimweleza mengi ya utotoni ambayo mke hakuyajua. Mwalimu mkuu naye alirudia kuhutubu, ila kila Bi Sindano alipomtazama alisahau sentensi aliyokuwa amefikia.

Usiku wa mwisho kabla ya kurudi binti alipiga simu.

"Mama, shangazi ameniambia umeshuka makaburini. Peke yako! Kukoje huko?"

"Baridi," Bi Sindano alisema. "Ukienda, vaa soksi nzito. Na usitangulie mbele ya mwalimu."