Gurudumu la Upande wa Mama Mkwe

Nyie vijana mtakaosoma haya, mnaopanda gari mkaziba masikio kwa zile waya zenu za muziki, nawaandikia nyie. Gari kuukuu halifi ghafla. Linasema kwanza, tena linasema siku nyingi, na waliomo ndani wanazungumza mambo mengine. Nimeyaona mwenyewe na yamenichosha.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, alinunua gari Tunduma. Lilikuwa limepita mikononi mwa watu wengi kabla yake, mpaka usukani umechubuka kama mpini wa jembe la zamani. Yeye aliliona jipya. Alilifuta kila asubuhi, akalivika vitambaa vya kufuma kwenye viti, na mtu akilisema vibaya alinuna kama ametukaniwa mama yake.

Sasa, kwetu mama mkwe na mkwe hawasemeshani. Hawatazamani usoni, na mwenye neno anampa binti alifikishe. Nimelelewa kwenye mila hiyo na siionei haya. Ila walioiweka hawakuwa na gari. Mkwe alikuwa akija kunichukua kwangu Itaka, mimi nakaa nyuma kushoto, binti yangu mbele yangu, na yeye anakigeuza kile kioo cha katikati kitazame paa ili asinione. Lori lingekuja nyuma yetu asingelijua.

Kiti changu ndicho kilichokuwa juu ya lile gurudumu. Lilianza kwa kuvuma, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Gari likienda polepole linanyamaza, likichanganya mwendo linavuma. Tukikata kona ya kulia, uzito ukaja upande wangu, linavuma zaidi mpaka nyayo zinawasha. Nikamwambia binti, mwambie mwenzio gurudumu la huku nilipokaa linavuma.

Huyo mwenzio yuko pale pale, ningenyoosha mkono ningemgusa bega. Amesikia. Binti naye anageuka, anamwambia kwa sauti ya kubembeleza kwamba mama anauliza kama gari lina nguvu ya kupanda mlima. Hataki kumuudhi. Na mume anajibu hilo hilo aliloletewa: mwambie mama asiwe na wasiwasi, injini hii bado nzima. Nani aliuliza injini? Na gurudumu linazidi kunisemesha mgongoni.

Kweli, safari moja nililalamikia kitu kinachogongagonga nyuma. Wakasimama, wakashusha mizigo yote, kumbe ni kifuniko cha sufuria yangu mwenyewe. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo kila nikifungua mdomo, binti ananiuliza, "Au ni sufuria, mama?"

Nilisema mpaka wakalipeleka kwa fundi Tunduma. Nikajua yamekwisha. Mkwe akaninunulia soda, nikaketishwa dukani ng'ambo ya barabara, kwa kuwa si heshima mama mkwe kusimama gereji pamoja na mkwe. Huko fundi akaambiwa gari linalia. Linalia wapi? Mbele, mkwe akasema, maana yeye anakaa mbele. Fundi akaingiza kichwa kwenye boneti, akabadilisha mkanda wa feni, akalizungusha gari tupu pale malori yanapopanga foleni ya mpaka, mahali ambapo hata baiskeli haipati mwendo. Akasema limenyamaza. Lingelia vipi, na aliyekaa juu ya kelele yuko dukani anakunywa soda? Tuliporudi tena, wakabadilisha shokapu za mbele. Fundi akanipungia mkono, "Mayo, sasa utasinzia humo." Mayo ndiyo mama kwa jirani zetu wa Zambia, na mafundi wa mpakani wanamwita hivyo kila mwanamke mwenye mvi. Sikusinzia.

Kahawa ikavunwa ikaisha, na binti yangu akawa mzito. Mimba zake za kwanza zilikuwa zimetoka, kwa hiyo hii tuliitunza kama yai. Alikuja kwangu Itaka kupumzika, na uchungu ulipoanza kumshika kidogo kidogo, mkwe akaja na gari tumpeleke hospitali Vwawa. Binti akakaa mbele, akafumba macho, akawa anapumua kwa mdomo. Nani sasa angebeba maneno?

Siku ile gurudumu halikuvuma. Lilisaga, chuma kwa chuma, kisha ikaja harufu ya kuungua. Mbele yetu kulikuwa na mteremko, na mwisho wa mteremko barabara yetu ya vumbi inaingia kwenye lami, na kwenye lami malori ya Zambia na Kongo hayamsubiri mtu. Nikamtazama binti jasho linavyomtoka. Nikakitazama kisogo cha mkwe, kisogo ambacho sijakisemesha tangu alipooa.

"Mkwe wangu, simamisha gari."

Akasimamisha. Akashuka, akazunguka, akaweka kiganja kwenye gurudumu, akakitoa haraka akikipuliza. Alipoliinua kwa jeki na kulishika kwa mikono miwili, lilicheza kama jino la mtoto. Akabaki amechuchumaa, amenipa mgongo.

"Mama, lilianza lini kuvuma?"

"Kabla kahawa haijaiva. Nimesema kila safari."

"Nilikusikia," akasema. "Nilikuwa nasubiri mwenzangu aniambie."

Mniambie nyie mliosoma, mtu kama huyo unamjibu nini. Nilitaka kucheka, tena nilitaka kumchapa kwa kanga. Binti akafumbua macho, akasema kwa sauti ndogo kwamba na yeye alilisikia gurudumu, ila alijua mumewe anavyolipenda gari lile. Kumbe wote watatu tulikuwa tunalisikia.

Pikapu iliyobeba magunia ya mahindi ikatuchukua mimi na binti. Mtoto alizaliwa kabla jua halijazama, wa kike, mwenye sauti. Mkwe alibaki barabarani mpaka fundi akaja na beringi mpya. Ile ya zamani ilitoka vipande vipande, gololi zimesagika, na fundi akasema lile gurudumu lisingefika hata chini ya mteremko.

Ndugu walipokuja kumwona mtoto, wakaanza kunong'ona kwamba nimemsemesha mkwe, lazima nitoe kuku wa faini. Nikasema kuku nitatoa, mkamateni hata sasa. Kisha nikawanyamazisha wote. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni, uso ameuelekeza nje kama inavyotakiwa. Binti nikamkataza kurudia maneno yangu, kwa kuwa kila mtu ana masikio, nikasema:

"Hapa nyumbani ukwe utakaa kama ulivyo. Ndani ya gari haupandi. Anayesikia kitu kinalia atamwambia dereva kwa mdomo wake mwenyewe, na dereva atasimama kwanza, ndipo abishe."