Mwanamke Aliyekuja Kumtaka Paka wa Ghalani

Msiniambie nilikuwa na homa. Sikuwa na homa, sikuwa usingizini, na jua lilikuwa la utosi. Niliyaona haya kwa macho yangu mawili, maana siku hiyo nilikuwa ninayo bado mawili.

Mjukuu wangu Mwanaisha anakaa Wiyoni, kule Amu. Mtaani kwake kulikuwa na dume la paka, jeusi, chongo, halishikiki. Ukilipelekea mkono, unarudi na damu. Majirani wakasema wataliwekea sumu. Nikamwambia Mwanaisha, "Mtie kwenye tenga uniletee Siyu. Mimi sitafuti paka wa kupakata, natafuta wa kazi." Panya walikuwa wananimalizia mbegu ya mahindi ghalani, na masika yanakaribia.

Sasa, paka mgeni hafunguliwi ovyo. Sisi tunamfungia ghalani, tunampa dagaa na maji mle mle, mpaka mwezi mwingine uandame, ajue hapa ndipo kwake. Ukimfungua mapema anakimbilia mikokoni, humwoni tena.

Mwezi haujaandama, nimeshasali adhuhuri, nimekaa mlangoni pa ghala napeta mtama. Nainua uso, mwanamke kasimama uani. Buibui jeusi, kajifunika, jicho moja tu nje. Lango nimelitia komeo mwenyewe. Kaingilia wapi? Na kuku waliokuwa wakidonoa miguuni pangu, hata mmoja hakubaki.

"Nifungulia mwango, Bi," akasema. "Umenifungia mume wangu."

Mle ndani, paka ambaye tangu aje hajatoa sauti akaanza kulia kama mtoto mchanga.

Niliogopa, wallahi. Lakini nilipoikumbuka mbegu yangu, hasira ikaishinda hofu. "Mume wako ndiye huyu aliyekuwa akila vichwa vya samaki jaani? Na walipotaka kumpa sumu, wewe mke ulikuwa wapi?"

"Fungua, au nitachukua jicho."

"Chukua. Mlango haufunguki. Siku zake zikiisha, njoo umuulize mwenyewe."

Nikaanza Ayatul Kursi. Nilipoimaliza, hakuna mtu. Kwenye mchanga niliofagia asubuhi kulikuwa na nyayo za paka, zimekwenda mpaka ukutani, zikakoma.

Mwezi ulipoandama nikafungua mlango wazi kabisa. Dume likatoka, likanusa ukuta, likarudi ndani likalala juu ya gunia. Hilo si jibu?

Jicho langu la kushoto liliingia ukungu siku zile zile, na halioni mpaka leo. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, ni uzee. Na aseme. Mbegu yangu ilisalimika na ikaota. Mimi chongo, paka chongo, tukikaa mlangoni tuna macho mawili, na ghala moja halitaki zaidi.

Nanyi mnaowachukua paka wakali kuwapa kazi, sikilizeni. Akija mtu msiyemjua kuwaambia mfungue kabla ya siku, msifungue, hata akilia. Na wewe mwanamke, kama unasomewa haya: ulichukua moja. Hilo lililobaki liko pale pale mlangoni, linakungoja.